Kutoka Home kwenda Pro, au kupiga Windows upya bila kupoteza leseni

Watu wengi wakisikia "nataka Pro" au "Windows yangu imedai aktivesheni" kitu cha kwanza wanachotafuta ni flashi. Flashi iweke pembeni kwanza. Home na Pro ni edisheni mbili za Windows, yaani madaraja ya mfumo uleule, na aktivesheni ni Microsoft kuithibitisha leseni yako. Kutoka Home kwenda Pro hakuna haja ya kupiga Windows upya hata kidogo, mafaili ya Pro karibu yote yameshakaa humo humo kwenye Home yako, kinachokosekana ni ruhusa tu, na ruhusa inakuja na kii sahihi (product key, ile namba ya leseni). Unaingiza kii, mashine inafikiria kidogo, inajizima na kuwaka, ukirudi unakuta Pro na picha zako, programu zako, paswedi za Wi-Fi, kila kitu kipo palepale. Ukishafuta diski kwa ajili ya kitu ambacho kingeisha kwa dakika chache umejitafutia kazi ya bure.

Halafu kuna upande wa pili, wale ambao kweli wanatakiwa kupiga upya, nao wanaingia kichwa kichwa bila kujua leseni yao ni ya aina gani, wanamaliza kuinstoo wanakuta maandishi ya kijivu pale chini kulia mwa skrini yanawaambia waaktiveti Windows, wanaanza kusema Windows mbovu. Windows haina shida, wamepiga edisheni ambayo leseni yao haiijui. Kii ya Home haifungui Pro, kii ya Pro haifungui Home, kii ya Enterprise (edisheni ya makampuni) haifungui yoyote kati ya hizo mbili, na zile edisheni zenye herufi N mwishoni, zinazokuja bila programu za muziki na video, nazo zina kii zao peke yao. Kii na edisheni lazima zioane, hilo likikaa kichwani nusu ya matatizo yanaisha.

Anza kwa kujua ulicho nacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Hapo unaona ni Windows 10 au 11, toleo gani na edisheni gani. Kisha nenda Settings, System, Activation (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Activation), angalia kilichoandikwa. Ikisema imeaktiveti kwa "digital license" maana yake leseni yako imesajiliwa kwenye seva za Microsoft kwa kutambua vifaa vya mashine yako, hasa madabodi (ile bodi kuu), na hutakiwi kuandika kii yoyote siku ukipiga upya edisheni ileile kwenye mashine ileile. Ikisema "linked to your Microsoft account" ndiyo bora zaidi, nitaeleza mbele kwa nini. Kama haijaunganishwa na akaunti, iunganishe sasa hivi kabla hujasoma mstari unaofuata, ni bure na inachukua dakika moja.

Sasa fungua Command Prompt kama admini uandike hii:

slmgr /dli

Kitatokea kidirisha kidogo, usiogope maneno mengi, tafuta mstari wenye neno channel. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Ukiona OEM_DM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani na kii imechongwa ndani ya baiosi yenyewe (BIOS, programu ndogo iliyo kwenye madabodi inayoiwasha mashine). Kuanzia enzi za Windows 8 ndivyo laptopu za dukani zinavyokuja, zile stika za kii chini ya laptopu za wakati wa Windows 7 zilifutika hapo. Leseni hii inaishi na kufa na madabodi hiyo, huwezi kuihamishia kwingine.

Ukiona RETAIL, kwa kawaida ni leseni ya kununua kivyake, hii unaweza kuihamisha kwenda mashine nyingine ilimradi uitoe kwenye ile ya zamani.

Ukiona VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT hapo simama kidogo. Hizi ni leseni za makampuni, mashule na maofisi. MAK ni kii moja yenye idadi fulani ya mashine, ikiisha imeisha. KMS inafanya kazi kwa kuripoti kwenye seva ya ofisi, na aktivesheni yake inadumu siku 180 tu mpaka iripoti tena. Kama wewe ni mtu binafsi, laptopu umenunua mwenyewe, hujawahi kuajiriwa na mtu aliyekupa hiyo laptopu, halafu unaona KMSCLIENT, basi aliyekupigia Windows alichakachua, na ndiyo maana kila baada ya muda inadai aktivesheni. Unaweza kuhakikisha kwa slmgr /xpr, ikikupa tarehe ya kuisha badala ya kusema imeaktiveti moja kwa moja, jibu unalo.

Kuna kitu kimoja hapa kinawapiga chenga hata mafundi. Zile programu za kuonyesha kii ya Windows iliyomo kwenye mashine, na ule mstari wa herufi tano za mwisho kwenye slmgr, mara nyingi vinakuonyesha kii ambayo siyo yako. Ukiona inaishia na 3V66T hiyo ni kii ya jumla ya Pro, na ikiishia na 8HVX7 hiyo ni ya jumla ya Home, mamilioni ya mashine duniani yanaonyesha kii hizohizo, Windows inaziweka yenyewe kama kishikizo tu pale leseni inapokuwa ya kidijitali. Mtu anaiandika kwenye daftari, anaitunza vizuri, anapiga upya, anaiingiza, haiaktiveti, analia. Kii ya kweli ya kiwandani inasomwa kutoka kwenye baiosi, na amri yake kwenye PowerShell ni hii:

(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikikurudishia herufi na namba 25 katika mafungu matano ya tano tano, nakili uhifadhi nje ya mashine. Ikikurudishia mstari mtupu basi baiosi yako haina kii, labda madabodi ilishabadilishwa au mashine iliuzwa bila Windows. Mafunzo mengi ya zamani yanakupa amri inayoanza na wmic, kwenye Windows 11 za karibuni hiyo wmic haiji tena na mfumo, kwa hiyo usishangae ikikwambia haitambuliki.

Home kwenda Pro

Kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Pro inakupa Group Policy (mipangilio ya kina ya kudhibiti mashine), inakuruhusu mashine yako kuingiwa kwa mbali kupitia Remote Desktop, inakupa BitLocker kamili (ya kufunga data ya diski), Hyper-V na Windows Sandbox kwa wanaocheza na mashine ndani ya mashine, na kujiunga na domeni ya ofisi. Home inaishia ramu ya GB 128, Pro inafika TB 2. Kama kazi yako ni kuandika, kuvinjari na kuangalia muvi, Pro haitakuongezea hata chembe ya kasi, wanaosema Pro ni nyepesi wanaota.

Haya, umeamua. Hifadhi kazi zako, chomeka chaja, nenda Settings, System, Activation, kisha sehemu ya kubadilisha kii. Kwenye Windows 11 imeandikwa "Change product key". Bandika kii yako ya Pro, bonyeza Next, subiri. Kama una haraka ya kufika hapo bila kupita kwenye menyu, bonyeza Windows na R uandike slui 3, kidirisha cha kii kinatokea palepale. Ukitaka kununua leseni moja kwa moja, ukurasa huohuo una njia ya kwenda Microsoft Store, ukilipa huko hakuna kii ya kuandika, leseni inajibandika kwenye mashine yenyewe.

Mara nyingi inapita. Ikikataa wakati una uhakika kii ni halali, kuna njia ya hatua mbili ambayo imeokoa watu wengi, na wala siyo uchakachuaji, kii inayotumika humo Microsoft wenyewe wameitoa hadharani kwa kazi hii. Wazo lake ni kutenganisha mambo mawili ambayo Windows inajaribu kuyafanya kwa mpigo mmoja, yaani kubadilisha edisheni na kuaktiveti. Zima Wi-Fi, chomoa waya wa netiweki kama upo, hakikisha kabisa hakuna intaneti. Nenda pale pa kubadilisha kii uingize hii ya jumla:

VK7JG-NPHTM-C97JM-9MPGT-3V66T

Kwa kuwa hakuna intaneti Windows haiwezi kwenda kuuliza seva, inabadilisha edisheni tu. Itahesabu asilimia, itajizima na kuwaka, saa nyingine mwishoni inatoa ujumbe wa kushindwa, usihangaike nao, wewe rudi kwenye winver uangalie kama imekuwa Pro. Ikishakuwa Pro washa intaneti, rudi kwenye Activation, ingiza sasa kii yako halisi, inaaktiveti. Kii hiyo ya jumla peke yake haiaktiveti chochote, ukiishia hapo utakuwa na Pro isiyo na leseni, kwa hiyo kama huna kii halisi usianze kabisa, maana kurudi kutoka Pro kwenda Home siyo mchezo.

Kama mashine ina Home Single Language, ile inayokuja na laptopu nyingi za bei ya chini na kukufungia lugha moja, hatua ni hizohizo na ukifika Pro kifungo cha lugha kinaondoka.

Pro kwenda Enterprise au Education nako ni kii tu, hakuna kupiga upya. Kii ya Windows 10 Pro inaaktiveti Windows 11 Pro pia, kwa hiyo mtu asikuuzie kii mpya kwa sababu tu umehama kutoka 10 kwenda 11. Ila kii za Windows 7 na 8 mlango umefungwa, zamani zilikuwa zinakubali kuaktiveti Windows 10, tena kwa miaka mingi baada ya ofa yenyewe kuisha, Microsoft wakatangaza Septemba 2023 kwamba basi. Waliokwisha pata leseni ya kidijitali kabla ya hapo wanaendelea nayo.

Namba za makosa na zinavyosomeka

0xC004F050 ni kii yenyewe imekosewa, rudia kuandika, mara nyingi ni B na 8. Herufi O na namba 0 huwa hazitumiki kwenye kii hizi, na herufi I na namba 1 pia hazimo, kwa hiyo ukiona kitu kinafanana na hizo umesoma vibaya. 0xC004F069 ni kwamba edisheni ya kii haifanani na edisheni iliyopo kwenye mashine. 0xC004C003 ni kii imefungiwa na Microsoft, hapo hakuna ujanja, rudi kwa aliyekuuzia. 0xC004C008 ni kii imeshatumika mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. 0xC004F074 ni mashine inaitafuta seva ya KMS na haiipati, kama ni laptopu ya ofisi iunganishe na netiweki au VPN ya ofisi, kama siyo ya ofisi basi soma tena pale juu nilipoongelea KMSCLIENT. 0xC004F211 inakwambia vifaa vimebadilika, na 0x803F7001 inakwambia hakuna leseni iliyopatikana kwa mashine hii, hizi mbili zinatokea sana baada ya kubadilisha madabodi.

Seva za aktivesheni nazo zina siku zao mbaya, kabla hujavunja kitu jaribu tena baada ya saa chache. Na angalia tarehe na saa ya mashine, betri ya baiosi ikiisha mashine inarudi miaka ya nyuma na hapo hakuna aktivesheni itakayopita.

Ukitakiwa kweli kupiga upya

Sababu za maana ni chache. Diski mpya, mashine imeliwa na virusi mpaka huiamini tena, Windows iliyochakachuliwa unataka kuirudisha kwenye njia halali, au unashuka kutoka Pro kwenda Home. Windows haikubali kushushwa hivyo hivihivi kwa kuingiza kii, kushuka huko ni kufuta na kuanza.

Kama tatizo ni Windows kuharibika tu, mafaili ya mfumo yamevurugika, apdeti hazishuki, basi kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau. Pakua ISO ya Windows (faili moja lenye Windows nzima ya kuinstoo) kutoka kwa Microsoft, bofya mara mbili ifunguke kama diski, endesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows yako hiyohiyo, chagua kubakiza mafaili na programu. Inajijenga upya juu ya yenyewe, programu zinabaki, leseni haiguswi. Sharti lake edisheni na lugha ya ISO vifanane na vya mashine, na hapa kwenye lugha ndipo wengi wanaanguka kwa sababu Kiingereza kiko cha aina mbili, cha Marekani na kile wanachokiita International. Ukichukua kisicho chako lile chaguo la kubakiza programu linakuwa la kijivu halibonyezeki. Andika dism /online /get-intl kwenye Command Prompt ya admini uone, en-US ni ya Marekani, en-GB ni International.

Ndugu yake ni "Reset this PC", iko kwenye Settings upande wa Recovery, inakuuliza kama ubakize mafaili au ufute vyote. Ukiombwa kuchagua kati ya kupakua upya na kutumia vilivyopo kwenye mashine, chagua kupakua kama bando linaruhusu, ni karibu GB 4, maana kama mfumo uliopo umeoza ukijenga kwa matofali yaleyale nyumba inatoka ileile.

Haya sasa tufute kabisa. Kabla hujagusa kitu:

Nakili mafaili yako nje. Siyo kwenye D ya diski ileile, nje. Kompyuta nyingi C na D ni vipande vya diski moja, na pale kwenye skrini ya kuchagua pa kuinstoo mkono ukiteleza D inaenda nayo.

Tafuta kii ya BitLocker. Hii ni tofauti kabisa na kii ya Windows, ni namba 48, na laptopu nyingi za kisasa hata zenye Home zinakuwa zimefungwa diski kimyakimya bila mwenyewe kujua, Windows 11 toleo la 24H2 ndiyo imezidisha, ukiingia na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza inafunga. Ukigusa mipangilio ya baiosi au ukihamisha diski kwenye mashine nyingine itakuuliza hizo namba na bila hizo data imekwenda. Andika kwenye Command Prompt ya admini:

manage-bde -protectors -get C:

Zile namba zikitokea ziandike mahali, pia zinapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft kwenye aka.ms/myrecoverykey. Usizihifadhi kwenye diski hiyohiyo unayoifuta, nimeona watu wanafanya hivyo.

Unganisha leseni na akaunti kama hukufanya pale mwanzo, soma kii ya baiosi kwa amri ile ya juu, na pakua draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako uiweke kwenye flashi nyingine. Windows 11 siku hizi inadai intaneti katikati ya kuinstoo, na kama draiva ya Wi-Fi haimo unakwama kwenye ukurasa ambao hauna mbele wala nyuma. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB ikigawa intaneti inasaidia sana hapo, Windows inaiona kama waya wa netiweki bila draiva ya ziada.

Kama laptopu ina prosesa ya Intel kizazi cha 11 au zaidi, pakua pia draiva ya Intel ya diski, ile ya RST yenye VMD. Bila hiyo baadhi ya laptopu zinafika pale pa kuchagua diski halafu orodha ni tupu, mtu anadhani diski imekufa anaenda kununua nyingine. Diski ni nzima, ni draiva tu haipo, kuna kitufe cha "Load driver" palepale.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi na isiwe na kitu unachokipenda, Media Creation Tool ya Microsoft inaifuta yote. Unaweza kutumia Rufus pia (programu nyingine ya kutengeneza flashi ya kuinstoo) kama una ISO tayari. Buti kutoka kwenye flashi, kitufe cha menyu ya kubuti kinategemea kampuni ya mashine, ni F12, F9, F11 au Esc, jaribu.

Ukiulizwa kii chagua ile ya kusema huna. Ndiyo, hata kama unayo. Kama leseni ni ya kidijitali haihitajiki, na kama ni ya kuandika utaiingiza baadaye ukiwa umetulia, kuliko kukwama hapo kwa sababu ya herufi moja. Kinachohitajika kwa nguvu zote ni kuchagua edisheni ileile ya leseni yako kwenye orodha.

Na hapa linakuja lile swali la kila siku, mtu amenunua laptopu ya Home, akanunua kii ya Pro, anapiga upya na Windows haimuulizi hata edisheni, inamsukuma Home moja kwa moja. Sababu ni ileile kii iliyochongwa kwenye baiosi, programu ya kuinstoo inaisoma inajiamulia. Cha rahisi ni kuiacha ipige Home, halafu ukishamaliza unaingiza kii ya Pro kama nilivyoeleza, mimi ningefanya hivyo. Asiyetaka mzunguko afungue flashi, aingie folda ya sources, atengeneze faili la maandishi liitwe ei.cfg, ndani aandike hivi:

[Channel]
Retail
[VL]
0

Ikiwa hivyo itaacha kujiamulia na kukuletea orodha ya edisheni. Angalia faili lisijeongezewa .txt mwishoni, Notepad inapenda kufanya hivyo na Windows kwa kawaida inaficha viambishi vya mafaili, kwa hiyo unaona ei.cfg kumbe ni ei.cfg.txt.

Kwenye kuchagua diski, kama unafuta vyote futa vipande vya diski unayokusudia tu mpaka ibaki nafasi tupu, chagua hiyo nafasi, endelea, Windows itajigawia yenyewe. Kama kuna diski mbili ndani angalia ukubwa wa kila moja kabla ya kufuta, usiamini namba za Disk 0 na Disk 1 kwa sababu zinaweza zisifuate mpangilio uliouzoea. Mwenye wasiwasi achomoe hiyo nyingine kabisa.

Ikimaliza, ingia intaneti, subiri dakika kadhaa, angalia Activation. Haikuaktiveti yenyewe? Fungua Command Prompt ya admini uandike slmgr /ato kuilazimisha iende kuuliza. Kama una kii ya kuandika ni slmgr /ipk ikifuatiwa na kii, kisha slmgr /ato.

Ukibadilisha madabodi

Hapa ndipo ile akaunti inalipa. Ingia na akaunti ileile ya Microsoft, nenda Activation, fungua Troubleshoot, kuna mstari unaosema umebadilisha vifaa hivi karibuni, ubonyeze, chagua mashine yako kwenye orodha. Kwa leseni ya RETAIL hii inafanya kazi vizuri. Kwa OEM leseni imekufa na madabodi ya zamani, isipokuwa madabodi iliharibika ikiwa kwenye garantii na watengenezaji wakabadilisha wao, hao huwa wanaweka kii kwenye baiosi ya mpya. Kubadilisha diski, ramu au kadi ya michoro peke yake kwa kawaida hakuvunji leseni.

Kii za bei ya kutupa na aktiveta

Kii inayouzwa kwa bei ya vocha mara nyingi ni MAK ya kampuni fulani iliyovuja, au kii za OEM zilizokusanywa kwenye kompyuta zilizotupwa. Inaaktiveti leo, miezi kadhaa mbele inakuja 0xC004C003 na muuzaji hapatikani. Aktiveta za KMS (programu za kuchakachua aktivesheni) ndizo mbaya zaidi kwa sababu sharti la kwanza wanalokupa ni kuzima antivairasi, halafu unaipa programu ya mtu usiyemjua ruhusa ya admini, atakachokuwekea humo ndani hutakiona. Bora ukae na Windows isiyo na leseni, itakunyima kubadilisha picha ya ukutani na rangi na itakuwekea yale maandishi ya kijivu, lakini apdeti za usalama zinaendelea kuja.

Na kwa wale bado wako Windows 10, msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya apdeti za usalama kwa watu binafsi mpaka Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot, ramu GB 4 na diski GB 64, na TPM mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye baiosi, kwenye Intel inaitwa PTT na kwenye AMD fTPM, iwashe kabla ya kukata tamaa. Mashine ikikubali, panda kwa njia ya kawaida ya Windows Update, leseni inafuata yenyewe, Home inakuwa Home na Pro inakuwa Pro. Folda ya Windows.old inabaki siku 10, ndani ya hizo ukijuta unaweza kurudi nyuma, zikipita Windows inaifuta.

Unauza mashine na leseni yako ni RETAIL unataka kubaki nayo? Andika slmgr /upk kutoa kii, kisha slmgr /cpky kuisafisha kwenye rejista, na kwenye akaunti yako ya Microsoft toa hiyo mashine kwenye orodha ya vifaa. Kama ni OEM_DM iache ilivyo, hiyo ni mali ya anayenunua laptopu.